Kudai Jina Lako, Je, Ni Kiburi?



Kuna swali tunalikwepa sana kwenye vikundi vyetu vya vijana, hasa pale dada zetu wanapofanya kazi halafu mtu mwingine anapanda mbele kupigiwa makofi. Mkristo akidai jina lake kwenye kazi yake, amekosa unyenyekevu?

Nitalijibu kupitia mama mmoja mbunifu majengo. Denise Scott Brown alizaliwa mwaka 1931 huko Nkana, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, akakulia Johannesburg, baadaye akafanya kazi Marekani. Mwaka 1967 aliolewa na mbunifu mwenzake, Robert Venturi, wakawa wabia kwenye ofisi moja. Walichora pamoja na kuandika vitabu pamoja. Mwaka 1991, mwaka uleule jengo lao la Sainsbury Wing lilipofunguliwa kwenye National Gallery ya London, Tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wabunifu majengo ndiyo kubwa kabisa, alipewa Venturi. Peke yake. Mama hakwenda kwenye sherehe.

Ikakaa hivyo miaka 22. Mwaka 2013 wanafunzi wawili wa Harvard, Arielle Assouline-Lichten na Caroline James, wakaanza kukusanya saini ili jina lake liongezwe. Maelfu wakasaini, na Venturi mwenyewe akasaini (nampa heshima yake mzee yule, maana si kila mume angefanya hivyo). Mama alisema hadai wampe tuzo. Anachodai ni hafla ya kumtambua, ili kazi ya watu wawili ihesabiwe kuwa ya watu wawili. Jibu likaja kupitia mwenyekiti wa majaji, Lord Palumbo: haiwezekani, majaji wa leo hawawezi kufungua tena uamuzi wa majaji waliotangulia.

Najua mtu atanitolea Mathayo sura ya 6, kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na Baba aonaye sirini atakujazi. Sawa kabisa. Lakini hebu soma tena, Yesu anaongea na nani pale? Anaongea na yule anayetoa sadaka. Mimi naweza kuamua jina langu lisitajwe, hiyo ni zawadi yangu kwa Mungu. Wewe huwezi kuamua kwa niaba yangu halafu ukaniambia nikae kimya kwa sababu unyenyekevu ni fadhila. Hapo umechukua cha mtu, ukakipaka maji ya baraka.

Na Yesu huyohuyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakukaa kimya. Aliuliza anapigwa kwa kosa gani. Ipo kwenye Yohane 18, tunaisikia kila Ijumaa Kuu.

Kinachonigusa zaidi ni lile jibu la majaji, kwa sababu linafanana sana na majibu yetu. "Sio sisi tuliokosea, ni wale wa zamani." Jamani, katekisimu haitufundishi hivyo. Anayemkosea mwenzake katika haki na ukweli anadaiwa fidia, na jina la mtu ni kati ya vitu vinavyofidiwa. Ukirithi shamba halafu ukagundua baba yako alilihamisha mpaka wa jirani, huwezi kusema "mimi sikuhamisha" na kuendelea kulima. Zakayo hakuishia kusema samahani. Alirudisha, tena mara nne.

Halafu kuna Priska na Akula, mke na mume, mafundi wa mahema kama Paulo. Paulo anapowasalimu kwenye Warumi 16 anawataja wote wawili, na anaanza na mke! Angeweza kuandika "Akula na nyumba yake" na hakuna ambaye angeshangaa enzi zile. Hakuandika hivyo, kwa sababu wote wawili walihatarisha shingo zao kwa ajili yake, naye alijua anadaiwa na nani.

Kweli, kampeni zina vishawishi vyake. Mtu anaanza kutafuta haki ya mwenzake, baada ya wiki anatafuta wafuasi. Ila wale wanafunzi wawili walikuwa wanaomba kitu kwa ajili ya bibi wa miaka zaidi ya 80, na sioni kiburi kinakaa wapi hapo.

Taasisi ya Wabunifu Majengo ya Marekani ilibadili kanuni zake mwaka 2013 ili Medali yake ya Dhahabu iweze kwenda kwa watu wawili wanaofanya kazi pamoja. Wa kwanza kuipata kwa utaratibu huo, mwaka 2016, walikuwa Venturi na Scott Brown. Venturi alifariki miaka miwili baadaye. Kwenye orodha ya Pritzker, mwaka 1991 bado una jina moja.