Lilishinda au Alishinda?

Likizo iliyopita mdogo wangu wa kike, ambaye ameanza kujifunza Kiswahili shuleni, aliniomba nimsimulie kwa lugha hiyo filamu tuliyokuwa tumeitazama pamoja kwenye kompyuta yangu. Nilianza vizuri. Nilipofika mahali ambapo gari linaudhika, nikasema, "Basi gari likakasirika." Akacheka. "Gari hukasirikaje?" Nikajirekebisha: "Herbie akakasirika." Akanitazama kwa makini zaidi. "Kwani Herbie ni mtu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nasomea Kiswahili chuo kikuu hapa Kampala, nami nilikuwa nimenaswa na kiambishi kimoja. Je, gari lilikasirika, au alikasirika? Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba swali la mtoto yule ni la maadili kabla ya kuwa la sarufi. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi tunapokataa kuona nafsi na juhudi za mwingine, hatukosi macho. Tunakataa kwa sababu kuona kungetugharimu.

Filamu yenyewe ni The Love Bug, kichekesho cha familia cha kampuni ya Walt Disney kilichoongozwa na Robert Stevenson na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1968. Jim Douglas ni dereva wa mashindano ya magari katika jiji la San Francisco, Marekani, ambaye nyota yake imezimika. Siku moja anaingia katika duka la magari la tajiri mmoja mwenye majivuno, Peter Thorndyke, na kumkuta akilinyanyasa gari dogo jeupe la Volkswagen, lile la mviringo ambalo Waingereza wanalifananisha na mdudu. Jim analitetea. Asubuhi yake gari liko mbele ya nyumba yake, bila aliyeliendesha. Baada ya mabishano anakubali kulinunua kwa malipo ya kidogo kidogo, analishindanisha, na linaanza kushinda. Linachorwa namba 53, na linamshinda Thorndyke mwenyewe.

Rafiki yake Jim anayeishi naye, fundi aitwaye Tennessee, ndiye anayelipa gari jina la Herbie. Tennessee anagundua mapema kwamba gari hili lina akili na moyo wake. Linachagua njia, linapenda na linachukia. Anamwambia Jim, lakini Jim hataki kusikia. Kwa Jim, gari ni gari, na anayeshinda ni dereva.

Hapa turudi kwenye sarufi, maana wasomaji wa mkusanyiko huu wanaifahamu kazi yake. Neno "gari" liko katika ngeli ya LI-YA. Lakini Kiswahili kina tabia yake: chenye uhai huvutwa kuingia katika upatanisho wa A-WA hata kama umbo la neno lake linakataa. Kiboko hakili nyasi, bali hali nyasi. Kipofu hakipiti, hapiti. Sisi tunaozungumza Kiganda nyumbani hujikwaa hapa kila siku. Katika Kiganda mbwa hubaki katika ngeli yake pamoja na vitu vingine, kwa hiyo mwaka wa kwanza niliandika "mbwa inabweka" mara nyingi, na mwalimu akapiga mstari mwekundu mara zile zile. Kiswahili kinamlazimisha msemaji kuamua: aliye mbele yangu ni kitu, au ni mwenye uhai? Huwezi kufungua mdomo bila kuchagua.

Ndiyo maana msimulizi wa hadithi ya Herbie hawezi kujificha. Akisema "lilishinda", amekubaliana na Jim. Akisema "alishinda", amekubaliana na Tennessee.

Msomaji makini atanipinga mara moja. Kiambishi hakimpi mtu haki. Mganda anayesema mbwa "inabweka" kwa lugha yake hampigi mbwa wake kuliko Mswahili anayesema "anabweka". Tena neno "mtumwa" limekuwa katika ngeli ya A-WA siku zote. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, wanunuzi waliozungumza Kiswahili walikuwa wamesema "anauzwa" na "amenunuliwa" kwa miaka mingi, wala sarufi haikumfungua mtu pingu. Pingamizi hili ni la kweli, na linanifundisha jambo. Kujua kwamba mwingine ana uhai si vigumu. Kigumu ni kukubali kile ambacho ujuzi huo unakudai.

Aristotle aliliona jambo hili karibu na kisha akalipita. Katika kitabu chake cha kwanza cha Siasa anamwita mtumwa chombo chenye uhai. Anaongeza kwamba kama vyombo vingeweza kufanya kazi vyenyewe, kama mtande ungejifuma bila mkono, mabwana wasingehitaji watumwa. Tazama alivyosimama mlangoni. Alijua kwamba mtumwa ana uhai, anasikia amri na kuielewa. Lakini alikuwa mtu wa tabaka lililoishi kwa jasho la watumwa, na hakuuliza kama mwenye kuelewa amri anaweza pia kuwa na lake la kusema. Herbie ni ndoto ya Aristotle iliyogeuzwa ndani nje. Huyu ni chombo kinachojiendesha chenyewe, ila siku hiyo kinapotokea, kinataka kutambuliwa.

Kwa nini basi Tennessee anaona na Jim haoni? Wote wawili wanaishi nyumba moja, na wote wanalitazama gari lile lile. Jibu ni rahisi, nalo halimpendezi Jim. Tennessee hana kikombe cha kupoteza. Akikubali kwamba Herbie ana akili, anapata rafiki. Jim akikubali hivyo hivyo, anapoteza kitu kikubwa, kwa sababu ushindi wote aliopata baada ya miaka ya kushindwa unageuka kuwa wa mwingine. Kutoona kwake kunamlipa. Naweza kusema kwamba huu si ujinga wa mtu asiyejua, bali ni ujinga unaotunzwa, unaofunguliwa mlango na kupewa kiti.

Ni lazima nimtendee Jim haki. Si mtu mbaya. Kumbuka kwamba alimtetea Herbie dukani kabla ya kujua lolote. Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama, lakini anayewatesa huufanya moyo wake uwe mgumu hata kwa binadamu. Kwa kipimo hicho Jim anafaulu na Thorndyke anaanguka. Lakini filamu haiishii hapo, na huu ndio uzuri wake. Jim mwenye huruma ndiye yule yule anayekuja baadaye nyumbani na gari jipya la kifahari la Lamborghini, akiwa amekubali kumuuza Herbie kwa Thorndyke ili apate fedha za kulilipia. Anadhani sasa anastahili gari linalolingana na kipaji chake. Kumbe huruma na shukrani ni vitu viwili. Huruma humwinua anayeitoa, kwa sababu anatazama chini. Shukrani humtaka atazame juu na aseme, "Bila wewe nisingefika." Wengi wetu tuna huruma tele, ila shukrani hutukwama kooni.

Herbie analiponda lile Lamborghini. Watoto hucheka hapo, na mdogo wangu alicheka sana. Kisha anatoroka usiku, na Jim anamkuta kwenye daraja la Golden Gate akitaka kujitupa majini. Katika kumzuia, Jim mwenyewe anakaribia kuanguka, na Herbie ndiye anayemvuta kumrudisha. Mdogo wangu hakucheka tena. Hapo ndipo Jim anapokoma kusema "lili-" moyoni mwake na kuanza kusema "ali-".

Pingamizi la pili ni kwamba dereva naye ana sehemu yake. Jim alishika usukani, alihatarisha maisha, na alijua barabara. Je, kumpa Herbie ushindi wote si dhuluma ya upande wa pili? Nakubali kabisa, na filamu inalijibu swali hili kwa mzaha wake bora. Katika mbio za mwisho Herbie anakatika vipande viwili njiani. Magari ya aina hii yana injini nyuma. Kipande cha nyuma, chenye injini, kinavuka mstari wa kwanza, na aliyekipanda ni Tennessee. Thorndyke anafuata. Kipande cha mbele, chenye usukani, Jim na mchumba wake Carole, kinaingia cha tatu. Hukumu hiyo inanitosha. Usukani una nafasi yake, na nafasi ya tatu si aibu. Lakini asiyeonekana, anayesukuma kutoka nyuma, ndiye aliyefika kwanza.

Kuna atakayesema kwamba yote haya ni hadithi, kwamba magari halisi hayana moyo, na kwamba "lilishinda" ndiyo sarufi sahihi. Ni kweli. Sidai kwamba tuyasalimie magari. Naona hata hatari ya kinyume chake. Nenda mahali popote panapooshewa magari mjini Jumamosi. Utamkuta mwenye gari akilipapasa bodi lake na kuliita jina la mapenzi, huku kijana anayelisugua matope tangu alfajiri hajaulizwa hata ameamkaje. Moyo wetu unajua kuhamisha ngeli. Huweza kukipandisha kitu mpaka A-WA kwa sababu tunakipenda. Swali ni kama haujui pia kumshusha mtu.

Najua unajua, kwa sababu wangu umefanya hivyo. Hapa Uganda tunasema, "Boda imefika," "Boda imechelewa," "Boda inataka pesa yake." Pikipiki haitaki pesa. Anayetaka ni mtu aliyeketi juu yake, lakini katika maneno yetu ameyeyuka, ameingia katika ngeli ya I-ZI pamoja na chombo chake. Nimesema hivyo mara elfu bila kusita. Na kaka yangu ni mwendesha boda.

Aliacha shule kidato cha nne, baba yetu alipougua. Alikodi pikipiki, akawa analeta nyumbani alichobakiza jioni baada ya kumlipa mwenyewe. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka humo, noti kwa noti, nyingine zikiwa bado zimelowa mvua. Matokeo yangu yalipotoka na kupata nafasi ya chuo kikuu, wazazi waliandaa chakula, na mimi nikasimama kutoa shukrani. Nilimshukuru Mungu. Niliwashukuru baba na mama, walimu, na mchungaji aliyetuombea. Nilisema kwamba bidii hulipa, na kwamba nilikesha sana nikisoma, jambo ambalo ni kweli. Watu wakapiga makofi. Kaka alikuwa nje, akishusha kreti za soda kutoka kwenye pikipiki. Alipoingia nilikuwa nimeshaketi.

Sikumsahau. Ningemsahau ningekuwa na udhuru. Nilimwona dirishani nikiwa katikati ya hotuba, na nikafikiri, kwa sekunde moja tu, kwamba nikimtaja watu wataona kwamba kufaulu kwangu kumebebwa na mwingine. Nikaendelea na sentensi nyingine. Hata siku moja hajalizungumzia jambo lile, na bado hunipeleka kituo cha basi kila muhula unapoanza, na hakubali nauli.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiuliza kama Herbie ni mtu, nilikaa kimya kwa sababu nilisikia swali jingine chini yake. Nilimjibu hivi: Herbie si mtu, lakini katika hadithi alifanya kazi na alipenda, kwa hiyo tutasema "alishinda". Akaridhika. Akaendelea kusimulia mwenyewe mpaka mwisho, akivichanganya viambishi vyote, nami sikumsahihisha.

Jioni ile kaka alirudi amechoka, kofia ngumu mkononi. Mama alikuwa jikoni, akamsikia pikipiki mlangoni, akaniuliza nani huyo. Nilijibu, "Kaka amefika." Ni sentensi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na upatanisho wake ni sahihi. Hotuba ninayodaiwa bado sijaitoa. Mahafali yangu ni mwakani, na safari hii nitaanza na nusu ya nyuma.