Tabibu, Nia Njema na Chokaa Mishipani

Mwaka 2000 madaktari wa Los Angeles walichapisha matokeo ya kupima mioyo ya watoto na vijana 39 ambao figo zao zilikuwa zimekufa na walikuwa wakisafishwa damu. Kati ya 16 wenye umri wa miaka 20 hadi 30, 14 walikutwa na chokaa, yaani madini ya kalsiamu, kwenye mishipa inayolisha moyo, ugonjwa uliozoeleka kwa wazee. Linaloumiza zaidi ni hili: waliokuwa na chokaa walikuwa wakimeza, katika vidonge walivyoandikiwa na madaktari, kalsiamu karibu mara mbili ya wenzao.

Je, tabibu aliyekusudia kuponya, akadhuru, ana hatia?

Vidonge vile havikutolewa kwa uzembe. Figo zikifa, fosforasi ya maharage, nyama, maziwa na dagaa hubaki mwilini, na saa nne za mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, haziwezi kuitoa yote. Ikizidi damuni, seli za misuli ya ukuta wa mshipa huanza kufanya kazi ya seli za mfupa: hutandaza madini. Kwenye eksirei ya mkono, mshipa ambao kwa kawaida hauonekani hujichora kwa mistari miwili myeupe sambamba, ikishuka kuelekea kiganjani. Ndiyo maana mgonjwa humeza kidonge pamoja na chakula, kiinase fosforasi tumboni. Zamani kilikuwa cha alumini. Mwaka 1976 Allen Alfrey na wenzake, huko Denver, walionyesha kuwa alumini ilijikusanya kwenye ubongo wa wagonjwa waliopoteza usemi na akili kabla ya kufa. Kalsiamu ikashika nafasi yake.

Katika karne ya 13, mwanateolojia wa Kikristo Thomas Aquinas alifundisha kwamba tendo moja laweza kuzaa matokeo mawili, nalo hupimwa kwa lililokusudiwa. Kwa kipimo hicho daktari wa miaka ya 1980 hana hatia, na ni haki, kwani hakujua. Aliyekuja baada ya 2000 anajua. Kwake yeye inafaa zaidi kanuni ya mafakihi wa Kiislamu, kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

Hata hivyo, njia haijanyooka. Dawa zisizo na kalsiamu, kama sevelama, zipo ila ni ghali, na utafiti wa 2007 wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 haukuthibitisha kwamba kwa jumla sevelama inapunguza vifo kuliko kalsiamu. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 ulishauri kipimo cha kalsiamu kiwekewe mpaka. Daktari hadaiwi uhakika asio nao. Anadaiwa kusema, kwa sababu mishipa inayokakamaa ni ya mgonjwa, naye ana haki ya kujua anachomeza.

Anayetumia vidonge hivi asiviache kwa kusoma makala, maana fosforasi isiyozuiwa nayo huleta chokaa ileile. Amwulize daktari wake mawili: kwa siku ninameza kalsiamu kiasi gani, na je, ipo njia nyingine nitakayoimudu?