Adui Naye Ana Mtoto

Neno mgeni katika lugha yetu lina sura mbili. Mgeni ni yule anayetandikiwa mkeka na kupewa maji ya kunawa, ambaye wahenga walimpokea kwa kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni yule yule pia anayetazamwa kwa jicho la pembeni akipita uchochoroni usiku. Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: mtu akishatiwa katika sura hii ya pili, akaitwa adui, je, tunabaki na wajibu wowote kwake?

Watu wa pwani tuna hadithi nyingi za adui atokaye nje. Zamani za Mwingereza palikuwa na mumiani, aliyesemwa kuwa hunyonya watu damu ili itengenezwe dawa. Na wengi waliogopa hata gari jekundu la zimamoto. Mwaka 1959, hapa Dar es Salaam, uvumi huo ulizua ghasia Buguruni, na askari polisi akauawa. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilikumbwa na hofu ya Popobawa, hata watu wakalala nje, wamekusanyika pamoja kwa woga. Katika hofu hiyo mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni mjini Zanzibar, aliuawa na umati ulioamini kwamba ndiye Popobawa. Na huko Usukumani wako vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Wekundu ule mara nyingi ni moshi wa jikoni. Bibi amepikia watoto na wajukuu miaka hamsini, kisha alama ya kazi yake inageuzwa kuwa ushahidi wa uchawi wake.

Vijana wetu wa Tandale nao wana maadui wao wa kutoka nje, ila wao wanawapata kwenye simu, katika katuni za Kijapani. Iko moja iitwayo Dandadan, ya mchoraji Yukinobu Tatsu, iliyoanza kutoka mwaka 2021. Ndani yake msichana anayesadiki mizimu, na mvulana anayesadiki viumbe wa sayari nyingine, wanapambana na vyote viwili. Miongoni mwa maadui hao yumo kiumbe mwenye umbo la kamba wa baharini, apiganaye kwa ngumi kama bondia. Anapigwa, anashindwa, na hapo ndipo tunapojua habari zake. Ni kibarua tu, aliyekodiwa na viumbe wengine. Nyumbani ana mtoto mgonjwa anayehitaji damu, na damu hiyo inataka fedha. Ndipo inapogunduliwa kwamba maziwa ya ng'ombe yanafaa mahali pa damu ile.

Msomaji, angalia jambo hilo vizuri. Yule ni mumiani hasa: mgeni asiyefanana nasi, mwenye shida ya damu. Lakini alipoulizwa, ilionekana kwamba ni baba, na shida yake ilikuwa na dawa isiyomtoa mtu roho. Mumiani wetu sisi hakuulizwa kamwe.

Atatokea wa kunipinga, na ana haki. Atasema: mwizi akishakuvunjia nyumba, utakaa umuulize habari za mtoto wake? Hapana. Hata katika hadithi ile kamba yule alizuiwa kwanza, tena kwa ngumi. Maswali yalikuja baadaye. Isitoshe, wale waliomkodi, Waserpo, nao wana shida yao. Ni jamii ya wanaume watupu, na kwa ajili ya kuzaa wanataka kuteka miili ya wengine. Shida yao twaielewa, wala hatuikubali. Kuelewa si kusamehe, na kusamehe si kuacha mlango wazi. Anayedhuru sharti azuiwe.

Hata hivyo, kuzuia ni jambo moja, na kumvua mtu utu ni jingine. Sisi tukaao uswahilini, Tandale, Manzese au Temeke, twaijua sauti ya "Mwizi!" inapopigwa gizani. Kwa dakika chache anayekimbia huwa hana jina wala mama. Huwa kibaka, na kibaka kwa wakati ule hahesabiwi mtu. Wanaokuja na mawe na tairi si watu wabaya. Wengi ni mafundi, wachuuzi na wapagazi wa magunia ya sokoni, waliochoka kuibiwa. Kunapokucha ndipo husikika: "Kumbe ni mtoto wa fulani, wa mtaa wa pili." Utu wake unarudi wakati yeye hawezi kurudi. Na mara nyingine inajulikana kwamba hakuiba kitu.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Maneno hayo si ya mawakili peke yao. Yanatuagiza tumkamate, tumfikishe kwa mjumbe au kituoni, na tumwache aseme. Pengine atasema uongo. Pengine atasema kweli na bado atafungwa, kama impasavyo. Lakini atakuwa amesikilizwa, na sisi tutakuwa hatujaua.

Naona, basi, kwamba wajibu wetu kwa adui ni mdogo, lakini hauondoki: kumzuia bila kumwua, kisha kumuuliza, nini kilichokuleta? Jibu litatufaa hata sisi, maana asiyejua kilichomleta wa kwanza hana la kumzuilia wa pili.