Maji Tuliyoyachafua kwa Miguu Yetu

Neno: Ezekieli 34:18–19



Nabii Ezekieli awakemea kondoo wanene, ambao hunywa maji safi, kisha huyavuruga kwa miguu, na wenzao hawana budi kunywa tope lile. Neno hili lanihukumu mimi kwanza. Mwaka jana nalinyunyizia viazi vyangu dawa ya wadudu, nikaosha bomba kijitoni. Nilipoinua macho nalimwona mjane wa usharika wetu akiteka maji upande wa chini. Jumapili iliyotangulia nalimpa kikombe cha Bwana kwa mkono ule ule. Nikaona haya, nikamwita ayamwage, nikaungama kwake.

Ndugu, sisi wa Rungwe twakaa juu. Maji ya Mbaka na Kiwira hushuka toka kwetu mpaka Kyela, yakaingia Ziwa Nyasa. Tusiseme, "Nimekwisha kuitupa." Sumu iliyotupwa haikutoweka, imekwenda kwa jirani.

Nchi yetu imekwisha kuonywa. Mwaka 1986 dawa za wadudu zilizopitwa na wakati zililetwa kutoka ng'ambo hata Vikuge, karibu na Kibaha. Banda lilimowekwa likaanguka, mvua ikazinyeshea, sumu ikapenya ardhini. Na miaka mingi baadaye wataalamu wakaikuta ingalimo katika udongo na maji. Kutupa ni kazi ya siku moja. Kusafisha ni kazi ya miaka.

Basi tutengeneze mwenendo wetu. Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji yale uyatie katika bomba, uyanyunyize shambani mle mle. Kisha itoboe, isipate kutiwa mafuta wala maziwa. Usiichome nyumbani, maana moshi wake nao ni sumu. Iweke mbali na watoto, ukamwulize bwana shamba au mwenye duka mahali pa kuipeleka. Mawe ya tochi yaliyokwisha nguvu yasitupwe migombani wala chooni. Yawekwe katika kopo, mahali pakavu, mpaka apatikane wa kuyapokea.

Nanyi wainjilisti, fundisheni haya pamoja na amri ya tano. Asiyemchoma jirani kwa mkuki aweza kumwua kwa kikopo.

Bwana aliyeyaponya maji ya Yeriko kwa mkono wa Elisha atusamehe, atufanye walinzi wa maji ya wenzetu. Amina.