Kabla ya Kumshuku Mgonjwa, Tazameni Chupa

Wanangu mnaoishi na wazee wenye kisukari, na ninyi wenyewe mnaojidunga insulini kila siku, nipeni sikio. Sukari ya mgonjwa ikipanda, swali la kwanza nyumbani huwa lilelile: "Umekula nini?" Bibi anasutwa kwa chai ya sukari ambayo hakuinywa, mtoto anabanwa aseme nani kampa soda. Ni nadra mtu kuuliza dawa ilikuwa imewekwa wapi.

Insulini ni protini. Joto kali huigeuza kama linavyoligeuza yai: likishaiva, hata ulipoze vipi haliwi bichi tena. Kuganda nako huiharibu. Na mara nyingi iliyoharibika haibadiliki rangi, kwa hiyo mtu anajidunga kipimo kilekile na sukari haishuki. Januari 1922, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini mjini Toronto, Kanada, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa hana muda mrefu wa kuishi. Uhai huo ndio mnaouweka ndani ya friji.

Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Iwekeni rafu ya katikati, ndani ya boksi lake, mbali na sehemu ya barafu na ukuta wa nyuma. Mlangoni pasiwe mahali pake, maana joto huingia kila mnapofungua. Ikiganda, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima, msiitumie.

Iliyokwisha kufunguliwa, nyingi hutumika kwa wiki 4 hivi, lakini fuateni karatasi iliyomo ndani ya boksi, kwa kuwa aina hutofautiana. Siku ya kuifungua, andikeni tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino. Wiki zikitimia, iacheni hata ikibaki nusu. Najua inauma, kwa kuwa dawa ni ghali, ila kulazwa ni ghali zaidi.

Wasio na friji wasikate tamaa. Mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha utafiti wao. Walipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, kisha maabarani wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo, likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki 4. Dawa ilibaki na nguvu yake. Hiyo si ruhusa ya kuiacha dirishani juani, karibu na jiko au ndani ya gari lililofungwa. Tumieni chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, chupa ikiwa kwenye mfuko usiopitisha maji, na chungu kikae kivulini. Chungu hupoza kwa maji yanayokauka. Kwa hiyo Dodoma kitawafaa zaidi kuliko Tanga au Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi. Mkitegemea chungu, msichukue dawa ya miezi mingi kwa mpigo.

Kila mara kabla ya kudunga, inueni chupa kwenye mwanga. Insulini isiyo na rangi, iliyo kama maji, iwe angavu kabisa. Ile ya rangi ya maziwa iviringisheni taratibu kati ya viganja hadi ilingane, msiitikise kwa nguvu. Mkiona mabonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, itupeni.

Safarini, dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Kwenye ndege pia, kaeni nayo, kwani mizigo ya chini inaweza kuganda. Sindano zilizotumika zitieni kwenye galoni gumu la plastiki lenye kifuniko, mbali na watoto, kisha mpeleke kituo cha afya. Aokotaye taka naye ana mama yake.

Na sukari ikipanda bila sababu mnayoijua, msiongeze kipimo kwa kubahatisha. Fungueni chupa mpya, pimeni tena, na mwoneni mhudumu wa afya. Mgonjwa akitapika, akihema kwa nguvu au akilegea, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Wazee wetu wamekwisha kulaumiwa vya kutosha kwa sukari ambayo hawakuila. Leo jioni, kila mmoja wenu afungue friji ya nyumbani kwao aone dawa imekaa wapi.