Nani Alaumiwe kwa Jino Bovu?

Kwenye harusi moja Embu, mpiga picha alituambia tucheke. Mjomba wangu, aliyetoka Maua na suti ya kuazima, akafunika mdomo kwa kiganja. Binamu mmoja akaninong'oneza: "Si angekuwa anapiga mswaki tu?" Nikacheka. Kicheko hicho bado kinanisumbua.

Binamu alikuwa ametoa hukumu. Kwetu meno mabovu ni kama cheti cha tabia: huyu ni mvivu, hajijali, hana adabu na mwili wake. Lakini kabla ya kuhukumu mtu, tuliangalie jino lenyewe.

Ukimaliza kupiga mswaki asubuhi, jino halikai tupu. Ndani ya dakika chache, protini za mate zinalifunika kwa utando mwembamba usioonekana. Utando huo umetengenezwa na mwili wako mwenyewe, na unalilinda jino. Ila kuna bakteria wenye vishikio vinavyonasa protini hizo hizo. Hao wakishatulia, wengine wanakuja na kuwashika wao, si jino tena. Ukoga unajengwa hivyo, ghorofa juu ya ghorofa. Halafu inakuja sukari. Bakteria anayeitwa Streptococcus mutans anaigeuza kuwa gundi ya kujibandika, na pia anatoa asidi inayoyeyusha madini ya jino polepole.

Mwaka 1683, Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake na kuuangalia kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa mtu wa kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi, na alijivunia usafi wake. Bado alikuta vidudu vinaogelea.

Kwa hivyo jino safi kabisa halipo. Gavana na msukuma mkokoteni wana utando uleule. Tofauti inaletwa na kinachofuata.

Mjomba alifunga miraa usiku kwa miaka mingi, kwa sababu miraa inapoteza nguvu haraka na lazima pikapu ziwahi Nairobi. Ili asilale, naye alitafuna. Ili kuua uchungu, aliongeza chingamu na soda. Miraa inakausha mdomo, na mate ndiyo yanayosafisha asidi. Sasa piga hesabu: sukari usiku kucha, mate kidogo, usingizi hakuna. Bakteria hawakumfuata kwa sababu ya uvivu. Alikuwa kazini.

Na aliwatoa wapi? Mtoto hazaliwi na Streptococcus mutans. Mara nyingi humpata kwa anayemlisha, labda shosho anayeonja uji wa wimbi kwa kijiko kilekile ili usimchome mjukuu. Kwa hivyo hata mwanzo wa jino bovu unaweza kuwa upendo.

Basi hakuna wa kuwajibika? Hapana, sisemi hivyo. Ukoga wa leo unatoka kwa mswaki. Ukiachwa unakuwa mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauwezi, ni daktari. Mjomba alikuwa na wajibu wake, na yeye mwenyewe anajua. Lakini lawama na wajibu si kitu kimoja. Lawama inauliza nani ni mchafu, na jibu la kweli ni sisi sote. Wajibu unauliza nani anaweza kusafisha leo, na nani anahitaji mkono. Mimi nina maji ya bomba, usingizi wa saa nane na pesa ya daktari. Kama ni kupimwa kwa meno, nilipewa mtihani rahisi kuliko wake, halafu nikamcheka kwa alama zake.

Aibu nayo haijawahi kung'oa ukoga. Inachofanya ni kumfanya mtu afunge mdomo, hata mbele ya daktari.

Picha ya harusi ninayo kwenye simu. Mkono wa mjomba uko mdomoni. Meno yangu yote yako nje, yanameta, na utando uleule uko juu yake.