Lutuku Katika Nyumba



Juzi mtoto mmoja wa darasa la tatu alilala usingizi juu ya meza yake. Nilipotaka kumkaripia, jirani yake akaniambia: «Mwalimu, hajala tangu jana. Baba yake ameyauza mahindi.» Nikanyamaza. Mahindi yalikuwa yamekwenda kwa mwenye kupika lutuku, yakarudi nyumbani ndani ya chupa.

Bwana wetu Yezu Kristu hakuichukia divai. Huko Kana aliwageuzia watu wa arusi maji kuwa divai. Lakini ulevi ni neno lingine. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, awataja walevi pamoja na wezi. Nanyi siku ya ubatizo mtaulizwa kama mnamkataa shetani na kazi zake zote. Atajibu nini mtu yule ambaye mkewe hulala kwa majirani kwa kuogopa ngumi zake?

Wengine husema: «Akitaka ataacha.» Mimi pia nilisema hivyo zamani, nikakosea. Ulevi wa miaka mingi huushika mwili kama ugonjwa. Mtu wa namna hiyo akiacha kwa ghafula, aweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, hata kuanguka kifafa na kufa. Basi msimfungie nyumbani. Mpelekeni kwanza kwa muuguzi wa kituo cha afya, mkamwambie kweli kiasi anachokunywa. (Aibu huua wengi kuliko mnavyodhani.) Na mama mwenye mimba asinywe hata kidogo, maana pombe humfikia mtoto tumboni.

Kule Dublin, katika nchi ya Ireland, alikuwako mfanyakazi maskini, jina lake Matt Talbot, aliyeanza kunywa angali mtoto. Mwaka 1884 alitoa ahadi mbele ya padri kwamba hatakunywa kwa miezi 3. Miezi 3 tu! Ilipokwisha akaahidi tena, kisha tena, akawa mtu wa Misa ya kila asubuhi. Hakurudia pombe hata alipokufa mwaka 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu.

Anayetaka kuahidi, hata kwa juma moja, amwendee padri anapofika kijijini, au wakubwa wa shirika lake. Nami hukaa mbele ya kanisa baada ya mafundisho. Wake na waje pia, hata kama waume zao hawajataka.